Gari Linagonga, Linayumba au Linavuta Upande: Kujua Kifaa cha Chini Kinachotakiwa Kubadilishwa

Malalamiko ambayo madereva wa Mbeya, Iringa na Njombe hupeleka gereji kuhusu sehemu ya chini ya gari yanafanana sana: gari linagonga likipita kwenye tuta, linayumba kwenye kona, limeinama upande mmoja, au linakula matairi kabla ya wakati wake. Jibu wanalopewa nalo hufanana, kwamba shokapu zimekufa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, shokapu husingiziwa tu. Mwenye gari hutoa fedha nyingi kununua mpya, na mlio hubaki palepale kwa sababu kilichokuwa kinagonga ni linki (fito fupi ya kuunganisha) ya bei ndogo au bushi (raba ya kiungo) iliyopasuka. Kifaa hakipaswi kubadilishwa mpaka ulegevu wake umeonekana kwa macho au umeshikwa kwa mkono.

Barabara zetu zina namna zake za kuchosha vifaa hivi. Barabara kuu iendayo Zambia hupita katikati ya vijiji na miji, na penye makazi pana matuta na rasta. Barabara za vumbi za Makete, Ludewa na vijiji vya Mufindi zina mawimbi madogomadogo ambayo huitikisa shokapu bila kuipa nafasi ya kupoa. Mvua zinapoanza mwezi Novemba hadi Aprili au Mei, tope hupenya kwenye kila raba iliyochanika. Halafu ipo miteremko ya Kitonga, Mlima Nyoka na Iwambi, ambako uzito wa gari huhamia mbele kila dereva anapokanyaga breki, na kifaa kilichokuwa kinavumilika kwenye tambarare hakivumiliki tena.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Egesha gari mahali palipo sawa na pagumu, vuta breki ya mkono, weka gia, na zuia matairi yanayobaki chini kwa vigingi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kinachopaswa kulibeba gari wakati mtu yuko chini yake ni stendi za chuma. Mawe hayafai, rimu chakavu hazifai, na tofali la kuchoma ni baya kuliko vyote, kwa sababu hupasuka ghafla bila kuonya. Asiye na stendi afanye ukaguzi ule tu unaowezekana gari likiwa limesimama kwa matairi yake, na ukaguzi huo peke yake huonyesha mambo mengi.

Fanya mambo matatu yasiyo na gharama kwanza. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea, ukifuata kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Osha sehemu ya chini kwa maji mengi, kwa kuwa tope lililokauka huficha nyufa na uvujaji. Kisha toa kila kitu kwenye buti, maana jeki iliyolegea au tairi la akiba lisilofungwa hugonga kama kifaa kilichoharibika, na wapo waliofunguliwa gari zima kabla jeki haijakumbukwa.

Gari linagonga kwenye mashimo madogo na matuta

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo yenye sababu nyingi zaidi, kwa hiyo inafaa kuhoji mlio wenyewe kabla ya kushika spana. Je, unasikika kwa mwendo mdogo au mkubwa? Unasikika tairi moja likiingia shimoni, au yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja? Unatoka unaposhika breki na unapoondoka? Shusha vioo na uendeshe polepole kando ya ukuta mrefu, upande wa kushoto kisha upande wa kulia. Ukuta hurudisha sauti, na utajua upande unaogonga kwa uhakika kuliko ukisikiliza barabarani.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni linki ya stabilaiza, ile fito ndefu ya chuma inayolizuia gari lisilale sana kwenye kona. Mlio wake ni mwepesi na wa harakaharaka, ko-ko-ko, na husikika zaidi kwenye barabara yenye mashimo madogo kwa mwendo mdogo, tairi moja likipanda na jingine likibaki chini. Matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, mlio hupungua au hupotea kabisa. Chukua mfano wa Noah ya abiria wa kati ya Mbeya na Tukuyu iliyoletwa gereji ikiwa na shokapu nne mpya na mlio uleule wa zamani. Fundi alilala chini, akaishika linki ya mbele kushoto kwa vidole na kuitikisa, ikatoa ko-ko ileile ambayo dereva alikuwa akiisikia kwenye usukani. Kifuniko cha raba cha kichwa chake kilikuwa kimechanika pembeni, na grisi iliyobaki ndani ilikuwa imechanganyika na udongo hadi ikawa kavu kama ugoro. Linki hukaguliwa hivyo hivyo: matairi yote mawili ya mbele yakiwa chini, ili isibanwe na stabilaiza iliyojipinda, kisha itikiswe kwa mkono. Ikicheza hata kidogo, imekwisha. Gari lenye linki mbovu hulala zaidi kwenye kona, lakini tairi halitatoka mahali pake. Linaweza kusubiri siku chache mpaka spea ipatikane, ili mradi dereva apunguze mwendo.

Bushi za stabilaiza, yaani zile raba mbili zinazoishika stabilaiza kwenye bodi, hufuata. Zikichakaa hutoa mlio wa kukwaruza au kulia kama kitanda cha mbao, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Njombe na Makete hukaza raba, na mlio hupungua gari likishatembea. Mafundi wengine huzinyamazisha kwa kuzipaka oili chafu ya injini. Kelele huisha siku mbili tatu, lakini oili ya injini huivimbisha na kuilainisha raba, na baada ya muda mfupi bushi inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Kama ni lazima kupaka kitu, tumia grisi ya silikoni, ambayo haili raba. Vinginevyo badilisha, kwa kuwa bushi hizi ni miongoni mwa spea za bei nafuu.

Mlio mmoja mzito, ndu!, unaotoka unaposhika breki au unapoachia klachi kuondoka, huelekeza kwenye bushi za kontroli amu, yaani mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi. Mara nyingi huambatana na gari kupiga chenga kidogo wakati wa kufunga breki, kwa sababu mkono wote unasogea mbele na nyuma. Angalia raba kwa tochi. Nyufa ndogo za juujuu ni za uzee na haziamui jambo. Raba iliyoachana na chuma, au mpasuko unaoweza kuingiza ncha ya bisibisi, inaamua. Ingiza mtalimbo mfupi kati ya mkono na bodi na uusukume taratibu: bushi nzima hukataa na kurudi, bushi mbovu husogea kirahisi na chuma kugusa chuma. Baadhi ya magari yana bushi zenye majimaji ndani, na kwa hizo doa jeusi lenye unyevu chini ya raba latosha kuwa ushahidi.

Boli jointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake, si kifaa cha kubahatisha. Hubeba uhusiano kati ya tairi na mkono wake, na ikichomoka tairi hulala ubavu na gari haliongozeki tena. Mlio wake hufanana na wa linki ila ni mzito zaidi, na mara nyingi huongezeka unapokata usukani huku ukipita kwenye shimo. Nyanyua gari, shika tairi juu na chini, kisha sukuma na kuvuta kwa zamu. Hapa penye ujanja ndipo wengi hukosea: katika magari ambayo koili (springi ya kuzunguka) imekaa juu ya shokapu, kama IST, Probox na mengi madogo, jeki iwekwe kwenye bodi ili mkono uning'inie, katika magari ambayo koili imekaa juu ya mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, la sivyo nguvu ya koili huibana boli jointi na ulegevu haujitokezi. Mtu wa pili aangalie kwa karibu wakati wewe unatikisa. Boli jointi inayocheza isitembezwe hadi wiki ijayo, wala hadi kesho. Ikiwa haichezi lakini mfuko wake wa raba umechanika, bado inafaa kwa muda mfupi, na ni vema kuibadilisha kabla ya mvua, kwa kuwa maji na mchanga vikishaingia kwenye grisi, kifaa huisha haraka.

Mauntingi ya juu ya shokapu, yaani kishikio chake kwenye bodi, hujulikana kwa namna nyingine. Fungua boneti, weka kiganja juu ya mauntingi, na mwombe mwenzako akate usukani polepole gari likiwa limesimama. Ukihisi mruko au ukasikia koili ikijipinda na kuachia kwa mlio wa waya, beringi ya mauntingi imekwama. Shokapu yenyewe kugonga ndani kwa ndani huja mwisho wa orodha, na huamuliwa baada ya vyote vilivyotangulia kukaguliwa.

Yako pia yanayogonga bila kuwa sehemu ya kazi hii. Mlio unaotoka unapoingiza gia huku umekanyaga breki, gari likiwa limesimama, ni wa mauntingi ya injini. Ti-ti-ti inayotoka unapokata kona huku umekanyaga mafuta ni ya jointi ya ekseli. Mlio unaotoweka mara tu unapogusa breki kidogo huwa ni wa pedi au pini za kalipa zilizolegea.

Gari linadundadunda, linayumba au linainama mno kwenye breki

Hapa ndipo shokapu hustahili kushukiwa kwanza. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kupokea pigo. Ikichoka, gari huendelea kupanda na kushuka baada ya tuta kupita, pua huinama sana kwenye breki, nyuma hukaa chini unapoondoka, na upepo wa lori linalopishana nawe unakusukuma kuliko zamani. Jambo ambalo madereva hawalipi uzito ni kwamba tairi linalodunda huwa linaachana na barabara kwa muda mfupi, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Kwenye mteremko wenye kona zinazofuatana, hilo ni suala la uhai.

Kipimo rahisi ni kukandamiza kona moja ya gari kwa uzito wako mara mbili tatu kisha kuachia. Gari likipanda na kutulia, ni vizuri. Likiendelea kucheza zaidi ya mara mbili, shokapu ya kona hiyo ni dhaifu. Kipimo hiki kina mipaka yake: kinakamata iliyokufa kabisa, lakini shokapu iliyobakiwa na nusu ya nguvu inaweza kufaulu ukiwa umesimama na kushindwa ukiwa kwenye vumbi. Kwa hiyo ongeza vipimo viwili. Kwanza, angalia mwili wa shokapu. Utando mwembamba wa mafuta karibu na sili ya juu, wenye vumbi kidogo juu yake, ni wa kawaida. Mafuta yanayochirizika hadi chini ni ya kuvuja, na shokapu hiyo haitapona. Pili, baada ya kuendesha kwenye barabara mbovu, simama na uguse kwa tahadhari shokapu zote moja baada ya nyingine. Shokapu inayofanya kazi hugeuza mtikisiko kuwa joto, hivyo huwa ya moto. Iliyo baridi huku ile ya upande wa pili ikiwa ya moto haifanyi kazi.

Kiganja nacho hutoa ushahidi. Kipitishe juu ya tairi kulizunguka: mabonde na vilima vinavyopishana kila baada ya kiasi kidogo ni alama ya tairi lililokuwa linadunda, ama kwa shokapu dhaifu, ama kwa kukosa balansi, yaani uzito wa tairi na rimu kutolingana kuzunguka pande zote.

Kuhusu umri, kwenye lami nzuri shokapu nyingi hufika kilomita 80,000 hadi 100,000, lakini gari linaloishi kwenye vumbi lisishangaze likizimaliza mapema zaidi. Ni busara kuzikagua kila kilomita 20,000, na mara nyingine msimu wa mvua unapoisha. Shokapu hubadilishwa mbilimbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, kwa sababu moja ngumu na moja laini kwenye ekseli moja hulifanya gari litende tofauti kwenye kona ya kushoto na ya kulia. Wapo wanaotoboa shokapu na kuijaza oili upya. Siwezi kuishauri kazi hiyo kwa mtu yeyote: shokapu nyingi za sasa zina gesi yenye shinikizo, na kuitoboa, kuichomelea au kuipasha moto kunaweza kumjeruhi vibaya anayefanya hivyo.

Gari limeinama upande mmoja au limekaa chini

Baada ya upepo wa matairi na mizigo kuthibitishwa, chukua futi ya kupimia na upime kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ya sentimita moja na nusu au zaidi inataka maelezo. Sababu ya kwanza kwa wingi ni springi iliyolala kwa uzee na mizigo. Ya pili, ambayo huwashangaza wengi, ni koili iliyokatika: mara nyingi hukatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, pale tope linapokaa na kula rangi, na kipande hubaki kimejibana mahali pake hivyo kwa haraka huwezi kukiona. Fuata koili kwa tochi mpaka mwisho wake. Ncha iliyokatika ikiwa imeelekea kwenye tairi, gari lisiondoke hapo, kwa sababu inaweza kulichana tairi likiwa kwenye mwendo.

Magari yanayobeba viazi kutoka Kitulo au mbao kutoka Mafinga huwa na springi za bapa nyuma. Kagua kila bapa kwa ufa, hasa karibu na yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), na uone kama yuboliti zimelegea. Senta boliti, ile ya katikati inayozishika bapa pamoja, ikikatika, ekseli huteleza na gari hutembea kiupandeupande, nyuma ikiwa haifuati mbele. Anayekufuata barabarani huliona hilo kabla yako. Hilo nalo ni la kusimamisha gari.

Inafaa kusema jambo kuhusu desturi ya kunyanyua magari madogo kwa spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa IST haikuundwa kwa ajili ya barabara za vijijini. Lakini kila sentimita inayoongezwa juu hubadilisha pembe ya boli jointi, tairodi (fito za usukani zinazogeuza matairi) na jointi za ekseli, huifanya shokapu ifanye kazi ikiwa karibu na mwisho wa urefu wake, na huharibu alaimenti, yaani mpangilio wa mwelekeo wa matairi. Gari lililonyanyuliwa likianza kumaliza linki na jointi kila baada ya miezi michache, spesa ndiyo ya kuulizwa kwanza. Akiihitaji mtu, aongeze kidogo, kisha apime alaimenti siku ileile.

Onyo moja halina mjadala. Koili inayoizunguka shokapu imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Nati ya juu isifunguliwe kamwe kabla koili haijabanwa kwa kifaa chake maalumu. Waya, kamba na minyororo si mbadala. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye kifaa hicho, naye umwone akikitumia.

Gari linavuta upande au linakula matairi

Barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji yatiririke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, kuvuta kidogo kuelekea kushoto si ugonjwa. Jaribu mahali palipo tambarare. Ikiwa bado linavuta, hamisha tairi la mbele kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, kama matairi hayana mwelekeo maalumu. Gari likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Kisha, baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa: iliyo ya moto kuliko mwenzake ina breki iliyonata.

Yakishapita hayo, soma tairi lenyewe. Likiisha pande zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, ulizidi. Likiisha upande wa ndani peke yake, shuku bushi za kontroli amu, springi iliyolala, au mkono uliopinda baada ya kuangukia shimo. Ukihisi meno kama ya msumeno unapopitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, matairi hayajaelekea sambamba, na hapo tairodi na raki endi (kiungo cha ndani cha tairodi) zikaguliwe: shika tairi kushoto na kulia, tikisa, na mwenzako aangalie kinachocheza.

Kosa linalorudiwa sana ni kukimbilia alaimenti kwanza. Mashine ya alaimenti hupima mahali tairi lilipo wakati huo. Bushi ikiwa imepasuka, tairi litahama mara gari likitoka nje ya geti, na fedha imekwenda bure. Tengeneza ulegevu wote kwanza, alaimenti iwe ya mwisho.

Usukani unatetemeka

Wakati wa masika, sababu ya kwanza ni tope lililoganda ndani ya rimu. Gari linalotoka mashambani Rungwe jioni na kulala hivyo huamka tope likiwa limekauka upande mmoja wa rimu, na likifika kilomita 80 kwa saa usukani hutetemeka kana kwamba kifaa kimekatika. Osha rimu upande wa ndani kabla ya kununua chochote. Baada ya hapo kagua balansi, rimu iliyopinda na tairi lenye uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe linaweza kupasuka wakati wowote na halifai hata kuwa la akiba. Tairodi na boli jointi hufuata.

Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele zina tabia yao: zikigonga shimo kwa mwendo wa kati, usukani unaweza kuanza kutupatupa kwa nguvu na usiache mpaka gari lipunguze mwendo. Wengi hufunga dampa mpya ya usukani (shokapu ndogo ya kutuliza usukani) na mtikisiko hupungua, lakini chanzo mara nyingi ni beringi za kingipini (mhimili ambao tairi hugeukia) au bushi za fito inayoishika ekseli kiupande, na dampa mpya huuficha ugonjwa mpaka uwe mkubwa.

Mngurumo unaopanda na mwendo

Huu kwa kawaida ni wa beringi ya tairi. Ukikata kushoto na mngurumo ukaongezeka, beringi ya kulia ndiyo inayoshukiwa, kwa sababu uzito umehamia huko. Tairi lililonyanyuliwa likicheza juu na chini na pia kushoto na kulia, beringi imefika mwisho.

Wakati wa kusimama na kuita fundi

Boli jointi au tairodi inayocheza, beringi yenye ulegevu, koili iliyokatika karibu na tairi, senta boliti iliyokatika: mojawapo ya haya ikionekana safarini, usiendelee kwa matumaini ya kufika. Anayetoka Iringa kuelekea Morogoro asimame Ilula kabla ya kuanza kushuka Kitonga. Anayeelekea Tunduma asianze kushuka Iwambi. Toa gari nje ya barabara kabisa, weka pembetatu mbali vya kutosha kabla ya kona, na kama kuna abiria washuke upande usio na magari. Gari lililopata ajali, hata kama linaonekana kutembea vizuri, lipimwe na fundi aliyesomea kazi hiyo kabla ya kurudi barabarani, kwa sababu mkono uliopinda kidogo hauonekani kwa macho.

Kununua na kufunga

Spea za mtumba zinafaa kwa vitu vya chuma kama mkono mzima usiopinda, lakini bushi, boli jointi, linki na shokapu za mtumba ni kununua umri wa mtu mwingine. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa kwenye rafu. Boli jointi iliyogongwagongwa kwa nyundo ili ikaze, au iliyoongezewa kichomeleo, isikubaliwe kwa bei yoyote. Beba kifaa cha zamani dukani na uvilinganishe urefu, kipenyo cha nyuzi na mahali pa boliti kabla ya kulipa.

Wakati wa kufunga bushi za kontroli amu, mwombe fundi aziache boliti zikiwa zimeshikwa kwa wepesi, ashushe gari lisimame kwa matairi yake, ndipo azikaze kwa nguvu ya mwisho. Zikikazwa mkono ukiwa unaning'inia, raba hubaki imejisokota muda wote gari linapokuwa barabarani, na bushi mpya huweza kupasuka mapema sana. Hii ndiyo sababu mojawapo ya watu kulaumu spea ambazo hazikuwa na kosa. Nati za kujifunga na pini za kupinda zisirudiwe kutumika. Gari likishatoka gereji, pita kwa mwendo mdogo kwenye barabara ileile iliyokuwa ikitoa mlio, kisha upime alaimenti, na baada ya kilomita 100 hivi urudi fundi azipime tena boliti zote alizozigusa.